Lango la Chuma Lilifunguka, Mlango wa Waumini Ukakawia: Hotuba Kuhusu Nyumba za Mpito kwa Wanawake Wanaotoka Gerezani

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa umoja wa wanawake. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, mama zetu na dada zetu wa umoja wa wanawake, vijana mliokuja, na ninyi wafadhili mliokaa nyuma kabisa kana kwamba hamtaki kuonekana: Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya nyumba za mpito za Kikristo, yaani makazi ya muda, kwa wanawake wanaomaliza vifungo vyao, na nimeombwa nianze na Neno. Nitaanza na Matendo ya Mitume, sura ya 12. Sura hii huwa tunaihubiri kwa ajili ya malaika, minyororo iliyoanguka na lango la chuma lililofunguka lenyewe. Leo naomba tuisome kuanzia pale malaika anapoondoka. Petro yuko barabarani, usiku, peke yake, ametoka gerezani muda si mrefu. Anakwenda wapi? Anakwenda nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana aitwaye Marko, ambako waumini wamekusanyika wakimwombea. Anabisha hodi. Msichana mmoja, jina lake Roda, anaitambua sauti yake, na kwa furaha anarudi ndani mbio kutoa habari bila kumfungulia. Na wale waliokuwa katika maombi wanamjibu nini? Wanamwambia ana wazimu. Anaposisitiza, wanasema huyo ni malaika wake. Petro anaendelea kubisha.

Litazameni vizuri jambo hili, ndugu zangu. Lango la chuma la mji lilifunguka lenyewe. Mlango uliokawia ulikuwa mlango wa waumini. Na waliokuwa nyuma ya mlango ule hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakiomba, na maombi yenyewe yalikuwa kwa ajili ya mtu yule yule aliyesimama nje. Sisi nasi tunakwenda magerezani, tunaimba, tunapeleka sabuni na taulo za kike, tunawaombea wafungwa wafunguliwe. Swali langu kwenu ni hili: wakifunguliwa, wakaja wakabisha, ni nani atakayefungua?

Kwa hesabu zilizochapishwa mwaka 2022, wanawake na wasichana walioko magerezani duniani ni zaidi ya 740,000, na idadi hiyo imeongezeka kwa karibu asilimia 60 tangu mwaka 2000. Hata hivyo, bado ni wachache wakilinganishwa na wanaume, takriban 7 katika kila wafungwa 100, na uchache huo una madhara yake. Magereza ya wanawake ni machache, kwa hiyo mara nyingi mwanamke hufungwa mbali na kwao, hatembelewi, na kamba iliyokuwa ikimuunganisha na jamaa zake hukatika uzi mmoja mmoja. Mwanamume akifungwa, mara nyingi huwa kuna mwanamke anayeshikilia nyumba na watoto hadi atakaporudi. Mwanamke akifungwa, nyumba yenyewe husambaratika: kodi haikulipwa, vyombo vimegawanywa, mtoto mmoja yuko kwa shangazi na mwingine yuko kwenye makao ya watoto. Siku anayoachiliwa hana mahali anapoweza kupaita kwake. Na wako wanaopata mahali pa kwenda, lakini mahali hapo ndipo anapoishi yule aliyekuwa akimpiga, au yule aliyembebesha mzigo uliomfikisha mahakamani.

Nitawaeleza jinsi mama mmoja alivyofika kwenye nyumba ninayohudumu. Alikuwa na mfuko wa plastiki, hati ya kuachiliwa iliyokunjwa mara nyingi, na nguo alizokamatwa nazo, ambazo zilikuwa nguo za msimu wa joto ilhali yeye aliachiliwa wakati wa baridi. Simu yake ilikuwa haiwaki tena. Namba alizokuwa akizikumbuka kichwani zilikuwa mbili: moja haikupatikana, na nyingine ilipokelewa na mtu asiyemjua. Aliketi kwenye kochi na koti la mlezi wa nyumba mabegani, akauliza swali moja tu: “Naweza kukaa hapa hadi saa ngapi?” Hakuuliza hadi lini. Aliuliza hadi saa ngapi.

Usiku wa kwanza ni suala la uhai. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington. Waligundua kwamba, katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachiliwa, hatari ya kufa kwa watu hao ilikuwa mara 12.7 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na sababu iliyoongoza ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya. Maelezo yake si magumu. Mwili uliokaa muda mrefu bila dawa hupoteza uzoefu wake, na kipimo ambacho mtu alikuwa akikitumia zamani bila kufa, sasa kinamuua. Basi kanisa linalomwambia mwanamke wa namna hiyo, “Njoo Jumatatu tuonane ofisini,” limemwambia nini? Njia ya kutoka lango la gereza hadi Jumatatu ni ndefu mno, na wenye kuuza dawa hawafungi ofisi mwisho wa wiki.

Msidhani kwamba haya ni mawazo ya watu wa dini peke yao. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zile zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa mwaka 2015, zinasema waziwazi kwamba wajibu wa jamii haumaliziki mfungwa anapoachiliwa, na zinataka atokapo awe na hati zake, mavazi, makazi ya kufikia na uwezo wa kujikimu kwa siku za mwanzo. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, ambazo zinawahusu wanawake hasa, zinazitaja nyumba za mpito kwa jina. Serikali nyingi zimekubali maandishi haya. Kutoka kwenye maandishi hadi kwenye kitanda chenye shuka safi ndiko tunakohitajika sisi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonileta hapa, na naomba mnivumilie kwa kuwa nitalikalia kwa muda.

Nyumba ya mpito inaweza kugeuka kuwa gereza la pili. Inaweza kugeuka hata kama ukutani kuna msalaba. Inaweza kugeuka hata kama wanaoiendesha wanafunga na kuomba. Tena nathubutu kusema kwamba sisi watu wa kanisa tuko karibu zaidi na hatari hiyo, kwa sababu tunapomtawala mtu kwa nia njema hakuna anayetukaripia.

Nendeni Ireland mkajifunze. Kule kulikuwa na nyumba zilizoitwa kwa jina la Magdalena, zilizoendeshwa na masista. Zilianza kama hifadhi kwa wanawake waliokataliwa na jamii, kisha zikawa mahali ambapo wanawake, baadhi yao wakiwa wamepelekwa na mahakama, wengine na ndugu zao wenyewe, walifua nguo za watu bila malipo, milango ikiwa imefungwa. Wengi walipewa majina mapya walipoingia. Ripoti ya serikali iliyotolewa mwaka 2013 ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1922 na 1996, nyumba ya mwisho ilipofungwa, walipita humo wanawake wapatao 10,000. Waziri mkuu wa nchi hiyo alisimama bungeni Februari 2013 akaomba radhi kwa niaba ya taifa. Tujiulize: je, waanzilishi walikusudia hivyo? Sidhani. Naamini wa kwanza wao walikuwa na huruma kama tuliyo nayo sisi hapa. Lakini huruma isiyo na ukomo wa muda, isiyo na hesabu inayokaguliwa na watu wa nje, isiyomlipa mtu kwa kazi yake na isiyomruhusu kuondoka, itafika huko huko.

Sasa linganisheni na mwanamke mwingine wa imani, Elizabeth Fry wa Uingereza, aliyekuwa Mkweka, yaani muumini wa kundi la Kikristo liitwalo Marafiki. Mwaka 1813 aliingia kwa mara ya kwanza katika gereza la Newgate jijini London, akakuta karibu wanawake 300 wamesongamana pamoja na watoto wao. Aliporudi kufanya kazi humo, na mwaka 1817 yeye na wenzake walipounda chama chao, alifanya jambo ambalo watu wa zama zake waliliona kuwa la ajabu. Alipoandaa kanuni za mwenendo, aliwasomea wafungwa wenyewe, kanuni moja baada ya nyingine, na kila moja ikapigiwa kura na wafungwa hao. Wanawake waliokuwa wakihesabiwa kuwa wanyama wa porini walinyanyua mikono kukubali kanuni. Alifariki mwaka 1845, na mwaka 1849 ikafunguliwa huko Hackney, London, kwa jina lake, nyumba ya kuwapokea wanawake vijana waliotoka magerezani. Kwa hiyo jambo tunalolizungumza leo halikuanza jana, na wala si mtindo wa wafadhili.

Kwa nini nasisitiza kanuni kupigiwa kura? Kwa sababu gereza humnyang'anya mtu maamuzi. Huamuliwa saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya taa kuzimwa, nani aandikiwe barua. Baada ya miaka ya namna hiyo, uwezo wa kuamua hunyauka, kama mguu uliokaa muda mrefu ndani ya plasta: siku plasta inapotolewa, mguu upo, lakini hauwezi kumbeba mwenyewe. Yule mama niliyewasimulia, alfajiri ya siku iliyofuata alikutwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama wima, mikono ameishusha ubavuni, anasubiri. Mlezi alipomuuliza anasubiri nini, akasema anasubiri kuambiwa apite. Ilichukua muda mrefu kabla hajaanza kufungua jokofu bila kuomba ruhusa, na siku alipolifungua mwenyewe, akachukua maziwa, akalifunga kwa mguu huku anaongea na mwenzake, mlezi wetu aliondoka chumbani ili asionekane anatokwa na machozi.

Mtu wa namna hiyo ukimwekea kanuni arobaini ukutani, ukakusanya simu saa mbili usiku, ukapekua chumba chake bila yeye kuwepo, umemsaidia nini? Umemrudisha alikotoka, ila kwa nyimbo nzuri zaidi. Nyumba iwe na kanuni, ndiyo, na nyingine zisiwe na mjadala: pasiwe na dawa, pasiwe na vurugu, wageni wa kiume wasilale. Wako wanawake humo ambao maisha yao yanategemea kanuni hizo tatu. Lakini nyingine zote zijadiliwe kwenye kikao cha nyumba, na walalao humo wawe na sauti. Na kila mkazi awe na ufunguo wa chumba chake na wa mlango wa mbele, kuanzia siku ya kwanza. Najua wazee wengine hapa wanatikisa vichwa. Tutalijadili, lakini mimi msimamo wangu ni huo.

Na ibada je? Hapa ndipo wachungaji wangu wananitazama kwa makini. Nasema hivi: imani isigeuzwe kuwa kodi ya chumba. Iwepo sala ya jioni, mlango wake uwe wazi, aje anayetaka. Asiyekuja asipoteze kitanda, wala sahani yake ya chakula, wala nafasi ya kuongea na mlezi. Mwanamke aliyeishi gerezani amejifunza kumpa kila mwenye mamlaka kile anachotaka kukiona. Ukitaka toba, atakupa toba. Ukitaka machozi, atakupa machozi. Ukitaka ushuhuda wa kuwasomea wafadhili, atautunga usiku huo huo, na wewe utaandika kwenye ripoti kwamba roho imeokolewa. Yesu alipowaponya wale kumi wenye ukoma alirudi mmoja tu kushukuru. Je, aliwarudishia wale tisa ukoma wao?

Jambo la tatu linafuatana na hilo, nalo ni siri za watu.

Mwezi Septemba mwaka 1864, padri kijana wa Shirika la Wadominiko, Jean-Joseph Lataste, alitumwa kuhubiri mafungo katika gereza la wanawake la Cadillac, Ufaransa. Walikuwamo karibu wanawake 400. Yeye mwenyewe aliingia kwa mashaka, akatoka akiwa mtu mwingine, kwa sababu aliwaona wanawake wale, baada ya kazi ya kutwa, wakikesha kwa zamu mbele ya Ekaristi. Alijiuliza watakwenda wapi wakitoka. Mwaka 1866 ilianzishwa jumuiya ya Wadominiko wa Bethania, ambamo wanawake waliowahi kufungwa na wanawake ambao hawakuwahi kuguswa na mahakama waliishi pamoja kama masista, mavazi yale yale, meza ile ile, pasipo wengine kujulishwa ni nani alitoka wapi. Padri Lataste alifariki mwaka 1869, akiwa bado kijana, na kanisa lake lilimtangaza mwenye heri mwaka 2012.

Sisi tunafanyaje? Tunamsimamisha mwanamke mbele ya kusanyiko, wiki ya pili tangu atoke, tunampa kipaza sauti, tunamwambia atoe ushuhuda. Anasema aliiba, anasema aliua, anasema aliuza mwili wake. Tunapiga makofi. Jumatatu anakwenda kuomba kazi dukani kwa muumini aliyekuwa amekaa mstari wa tatu. Mnajua jibu analolipata. Ndugu zangu, ushuhuda ni mali ya mwenyewe. Aanze yeye kutaka kuusema, kwa wakati wake, kwa mtu anayemchagua. Kwenye nyumba ya mpito faili liwe kabatini chini ya kufuli, lisomwe na mtu mmoja au wawili wanaolazimika kulisoma, na kamati ya kanisa isiwe miongoni mwao. Kama kuna mtoto kanisani ambaye usalama wake unahusika, hilo lina utaratibu wake wa kisheria na lisifichwe. Zaidi ya hapo, udadisi wetu hauna haki yoyote.

Kuhusu watoto nitasema kwa kifupi, ingawa lingestahili siku nzima. Wanawake wengi walioko magerezani ni mama. Akitoka, anataka watoto wake siku hiyo hiyo, na mahakama au ustawi wa jamii watamuuliza makazi. Akienda kutafuta makazi, ataulizwa kazi. Akienda kutafuta kazi, ataulizwa kitambulisho. Na kwenye kitambulisho ataulizwa anwani. Nyumba ya mpito huukata mzunguko huo kwa kumpa anwani tu, tena anwani isiyo na neno “wafungwa” kwenye bahasha. Ndiyo maana nawasihi msiweke kibao kikubwa getini chenye jina la huduma na jina la mfadhili. Na mtoto akija kutembea, msishangae asipomkimbilia mama yake. Anaweza kuwa anamwita bibi yake “mama”. Wapewe chumba, wapewe michezo, wapewe muda, na asiwepo mtu wa kuwapiga picha.

Kisha kuna kuondoka, ambako watu wengi wanaotoa fedha hawakufikirii kabisa. Nyumba ya mpito ni nyumba ya kupita. Tangu wiki ya kwanza mlezi na mkazi wakae chini waandike: hati zipi hazijapatikana, deni gani linadaiwa, matibabu gani yanaendelea, akaunti ya akiba ifunguliwe lini, ni ndugu gani bado anapokea simu. Muda ujulikane, nao uweze kuongezwa, kwa sababu aliyefungwa miezi sita na aliyefungwa miaka kumi na sita hawatembei kwa mwendo mmoja. Akishahama, awe na haki ya kurudi kula Jumapili na kulia akitaka. Akianguka tena katika dawa, awepo mtu wa kumpigia simu asiyeanza na neno “Nilikuambia”. Wengine wataanguka. Nyumba isiyoweza kubeba ukweli huo isifunguliwe.

Nimesikia maswali yenu kabla hata hamjayauliza. Majirani watasemaje? Wengine watasema mabaya, na wataambiwa mapema, kwa heshima, na mzee wa kanisa anayefahamika mtaani. Je, kama ataiba? Huenda. Hata kwenye kwaya vitu vinapotea. Fedha zitatoka wapi? Mzigo mkubwa ni kodi ya nyumba na mshahara wa walezi, na mshahara huo ulipwe kwa haki, kwa kuwa mlezi anayefanya kazi ya kujitolea bila kupumzika atachoka, na aliyechoka ndiye anayeanza kupiga kelele na kufunga milango. Ni afadhali nyumba ya vitanda vitano yenye walezi wanaolala usingizi wao kuliko jengo la vitanda thelathini ambalo tutalizindua kwa mbwembwe kisha tukaliacha kwa mama mmoja na funguo zake.

Kwa hiyo ombi langu kwa baraza ni mahususi. Msianze kwa kununua kiwanja. Pangeni nyumba moja ya kawaida, katika mtaa wa kawaida, karibu na kituo cha basi na zahanati. Wekeni kwenye kamati angalau wanawake wawili ambao wamewahi kufungwa, wenye kura sawa na wengine, na wasiwe wa kuchangamsha picha. Tafuteni mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, kwa maana maombi hayaondoi haja ya mtaalamu kwa mtu aliyebakwa. Zungumzeni na uongozi wa gereza ili mlezi wetu aruhusiwe kukutana na mwanamke miezi kadhaa kabla ya tarehe yake, ili siku hiyo asipokewe na mgeni.

Katibu anayo karatasi mezani pake. Ina nafasi za watu wa zamu ya usiku, nafasi za madereva wa kwenda kupokea watu gerezani asubuhi na mapema, na nafasi za wenye biashara walio tayari kuajiri. Mkienda kupata chai, safu hii ya tatu ndiyo ningependa kuiona ikijaa kwanza. Asanteni kwa kunisikiliza.